Sura ya Sita: Kifurushi Kisichoona Kiu

"Sisaini."

Mama Kadibodi aliisukuma kalamu kwa kidole kimoja mpaka ikabingirika na kuanguka upande wa pili wa meza. Mkuu wa ofisi ya vifurushi akainama kuiokota. Ilikuwa mara ya tatu tangu saa tatu asubuhi, na mgongo wake ulishaanza kulalamika.

"Mama, mimi nakutafutia nafuu," alisema. "Ukisaini kwamba kitabu ulikitoa wewe kabla ya kufunga kifurushi, mambo yataishia humu humu. Usiposaini, gari la saa nane litabeba faili hili kwenda polisi, na wewe utapanda nalo. Na duka lenu halitatuma hata barua kupitia kaunta zangu."

"Nafuu ya mwizi mpe mwizi. Mimi nimefunga vitabu vya watu miaka ishirini na miwili. Sisaini leo, sisaini kesho, na hata nikifa msije mkanichovya kidole gumba kwenye wino."

Karibu na dirisha alisimama mkaguzi wa malalamiko, mwanamke mrefu aliyevaa koti lenye mifuko iliyojaa karatasi. Wenzake walimwita Kupe, kwa sababu aking'ang'ania jambo hang'oki. Mkuu ndiye aliyeanzisha jina hilo, kwenye kikao, kwa dharau, na yeye akalipokea kama cheo. Siku hiyo alikuwa ameitwa kutimiza utaratibu tu. Faili haliendi polisi bila sahihi ya mkaguzi, na Mkuu aliitarajia sahihi hiyo kabla chai yake haijapoa.

"Nipe hadi saa nane," alisema Kupe.

"Za nini? Kila kitu kimo kwenye faili."

"Basi hakitakimbia."

Mkuu alichukua kikombe chake na kutoka bila kufunga mlango.

Faili lilikuwa jembamba. Siku kumi na mbili zilizopita, Mama Kadibodi, mfungaji wa vifurushi katika duka la magazeti na vitabu vya zamani analoliendesha na mdogo wake wa kike, alipeleka kaunta kifurushi cha rejesta. Kwa maelezo yake, ndani mlikuwa na toleo la kwanza la "Kachero Nyenje", kitabu cha katuni cha kurasa thelathini na mbili ambacho wakusanyaji walikitafuta mpaka wakakata tamaa. Kaunta walikipima wakapata gramu mia sita na arobaini. Mvua ikakata barabara, kifurushi kikalala bohari siku tisa. Kilipotoka kilipimwa tena, gramu mia sita na arobaini. Mnunuzi, daktari wa meno mstaafu katika mji wa pili, alikifungua akakuta katalogi ya vipuri vya pikipiki. Hapo Mkuu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: uzito haukubadilika, kwa hiyo hakuna aliyekigusa njiani, kwa hiyo mwizi ni aliyekifunga.

Kupe alisoma mara mbili, akaliweka faili kando.

"Mama, nifungie kitabu. Hapa hapa, kama ulivyokifunga kile."

"Kitabu gani? Humu ndani naona majalada matupu."

Kupe alichomoa rafuni jarida la wafanyakazi. Jaladani palikuwa na picha ya Mkuu akikata utepe. Mama Kadibodi aliitazama, akaguna.

"Hata huyu nitamfunga vizuri," alisema. "Kazi ni kazi."

Alilitia jarida kwenye mfuko wa plastiki, nyuma yake akasimamisha kadi ngumu ili mgongo usivunjike. Alifunga mdomo wa mfuko kwa kipande kidogo cha selotepu, na kabla hajakibandika mpaka mwisho akakunja ncha yake ndani, ikabaki sehemu isiyonata ya kushikia.

"Hicho ni nini?"

"Ulimi. Mtu akikosa pa kushika, anachukua kisu. Na kisu kikishaingia, mwanangu, kitabu kimekwisha. Mimi kila selotepu yangu ina ulimi. Halafu ndani naweka karatasi: 'Vuta ulimi. Kisu hapana.' Wengine wanacheka. Wacheke."

Kisha alikata kadibodi mbili, kubwa kuliko jarida kwa vidole viwili kila upande, na kabla ya kila mkato aliipapasa kadibodi kama mshonaji anayetafuta upande wa kitambaa. Moja aliikata mifereji yake, ile mikunjo midogo ya ndani ya kadibodi, ikiwa imesimama. Ya pili aliikata mifereji ikiwa imelala.

"Zikielekea upande mmoja zote mbili, zinakunjika pamoja kama mkeka. Zikipishana, kaa juu yake utakavyo, hazipindi. Mume wa mdogo wangu amekaa, na yule bwana ana kilo zake."

Alilibana jarida katikati ya zile kadibodi, akalitia ndani ya boksi, akajaza karatasi zilizofinyangwa pembe zote nne. Mwishoni aliliinua boksi sikioni na kulitikisa, macho ameyafumba. Kimya.

"Kikicheza, kinakufa," alisema, akaliweka mezani. "Hiyo ndiyo sheria yangu."

Kupe akavuta karibu kifurushi chenyewe, kile kilichorudishwa jana na dereva. Alikipekua kipande kwa kipande. Kila selotepu ilikuwa na ulimi. Kadibodi mbili zilipishana mifereji. Karatasi ya maagizo ilikuwepo, kwa mwandiko ule ule wa herufi kubwa.

"Ni zangu hizi," alisema Mama Kadibodi kabla hajaulizwa. "Boksi langu, kadibodi zangu, karatasi yangu."

Mkuu alikuwa amerudi mlangoni na kikombe chake. Alicheka. "Umesikia, Bi Mkaguzi? Amekiri kwa mdomo wake."

"Nimesema kadibodi ni zangu, bwana. Sijasema pikipiki ni yangu."

Mkuu alionyesha saa yake ya mkononi akaenda zake. Kupe hakucheka. Kila alichokishika kilimkandamiza mama huyu, na saa ilikuwa saba kasoro. Kilichobaki kilikuwa ile katalogi. Aliifungua. Orodha ya yaliyomo iliahidi kurasa hamsini na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya arobaini na sita. Karatasi tatu zilikuwa zimenyofolewa, taratibu sana, bila kuacha hata kipande kwenye pini.

"Mama, kama unatupia takataka mahali pa kitabu ulichokiiba, unanyofoa karatasi kwa nini?"

"Mimi ningejuaje? Sijawahi kuiba."

Kupe alipiga simu kwa daktari wa meno. Mzee huyo alipokea akiwa ameshakasirika.

"Nimerekodi kila kitu kwenye simu, binti yangu. Tangu nilipokipokea kwa mtu wenu mlangoni mpaka ile pikipiki. Sikukata video hata mara moja. Mke wangu ndiye aliyeshika simu."

"Ulitumia kisu, daktari?"

"Kisu cha nini? Maagizo yalikuwa ndani, juu kabisa. Selotepu ya nje nilivuta ulimi wake, nikayaona, nikafuata. Ndimi zote zilitoka bila kuumiza chochote. Nimeng'oa meno maisha yangu yote, natambua kitu kilichotengenezwa ili king'oke vizuri. Huyo mwizi wenu ana adabu."

Kupe alishukuru, akaweka simu chini polepole. Yeyote aliyekifungua kifurushi hicho alifundishwa namna ya kukifungua na Mama Kadibodi mwenyewe. Angeweza kuvuta ndimi, kubadilisha kilichomo, kubandika selotepu mpya ya kahawia inayouzwa kila duka, na kuacha ndimi mpya. Mkono ungeonekana wa mama huyu huyu. Lakini hilo lilikuwa wazo tu, na polisi hawapeleki wazo mahakamani.

"Twende bohari," alisema.

Mkuu aliwakuta koridoni, akatanua mikono kama anayezuia mbuzi. "Mtuhumiwa haingii bohari!"

"Haingii peke yake. Anaingia na mimi."

"Kupe, nakuonya."

"Umeshanionya, Mkuu. Iko kwenye kumbukumbu za kikao."

Walipita upande wake, Mama Kadibodi ameinua kidevu, pochi yake ameibana kwapani.

Bohari lilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma, na kuta zake bado zilikuwa na madoa ya unyevu. Katikati ilikaa mizani, imefunikwa kitambaa cheupe. Mwenye mizani alikuwa mpimaji mnene mchangamfu, kalamu mbili sikioni, ambaye bohari zima lilimwita Gramu. Alikuwa hajawahi kuandika namba akaifuta. Mtu akimwambia kifurushi kina "kama nusu kilo hivi" alikasirika siku nzima.

"Karibu, dada," alimwambia Kupe. Mama Kadibodi hakumtazama. "Mizani hii ukiipandishia uongo, inauona."

"Ndiyo maana nimekuja. Daftari lako lina kasoro."

Tabasamu la Gramu likafifia. "Langu?"

"La siku za mvua." Kupe alishalifungua. "Hiki kiliingia na gramu mia tatu na kumi, kikatoka na mia tatu na kumi na sita. Hiki kiliingia na mia tisa na tano, kikatoka na mia tisa na kumi na nane. Hiki kimeongeza saba. Nimehesabu thelathini na moja vilivyolala humu siku tisa, na vyote vimenenepa. Nadhani mizani imechoka. Nitaandika ibadilishwe."

"Ibadilishwe!" Gramu aliweka kiganja juu ya kitambaa cheupe, kama anayelinda kichwa cha mtoto. "Dada, usiniharibie jina. Mizani haina tatizo. Ni mvua! Karatasi inakunywa maji. Kuta zinatoka jasho, kadibodi inavuta, uzito unapanda. Hilo jambo la kawaida kabisa, tunaofanya kazi hii tunalijua."

"Kila kadibodi?"

"Kila moja. Hakuna inayopona."

"Labda zile za rafu ya juu, kulikokauka?"

"Juu, chini, konani, haijalishi. Siku tisa? Lazima inywe."

Kupe akageuza daftari na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. "Basi hiki mbona hakikuona kiu? Mia sita na arobaini kuingia. Mia sita na arobaini kutoka."

Gramu alitazama ile namba. Ilikuwa ya mwandiko wake, nadhifu, haikufutwa.

"Kadibodi zangu zinakunywa kama za watu wengine, bwana," alisema Mama Kadibodi.

"Aliyekifungua alikuwa na mizani mkononi na namba ya risiti mbele yake," Kupe aliendelea. "Mwizi mwingine angetia chochote akaondoka. Huyu alitia katalogi, ikazidi. Akanyofoa karatasi ya kwanza, akapima. Ya pili, akapima. Ya tatu, namba ikakaa pale pale. Hakuweza kuvumilia iwe tofauti, Gramu. Ungeacha izidi gramu nane tu, mama huyu angelala mahabusu leo."

Gramu alijikaza. "Bahati tu hiyo. Humfungi mtu kwa gramu, dada. Kitabu chenyewe kiko wapi?"

Hapo alisema kweli, na Kupe alijua. Nje, gari la saa nane lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mlango wa kupakilia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Kitabu kingeweza kuwa popote, kitandani kwa Gramu, kwa mjomba wake, au kimeshauzwa.

"Mwanangu," aliita Mama Kadibodi.

Alikuwa amesimama mbele ya rafu ya vifurushi vinavyoondoka. Hakugusa kitu. Mikono aliifunga nyuma, kama mtu anayechagua nyanya kwa macho.

"Humu ofisini nani mwingine anaacha ulimi?"

Katikati ya maboksi palikuwa na kifurushi bapa, kimefungwa kwa selotepu ya kahawia, na kwenye kila ncha ya selotepu palikuwa na mkunjo mdogo, nadhifu. Juu kimeandikwa kwamba ndani mna kalenda. Jina la mtumaji hakuna aliyelijua pale, na anwani yake haikuwa na namba ya nyumba. Mhuri wa kupokelewa ulikuwa wa leo, saa nne na dakika kumi, mhuri wa Gramu mwenyewe.

"Saa nne na dakika kumi," alisema Kupe. "Mama alikuwa ameshapitishwa hapo uani mbele yako, na wewe ukaona ni heri kalenda isafiri."

"Usiguse!" Mkuu aliingia akihema, faili kwapani. "Kifurushi cha rejesta hakifunguliwi bila sahihi yangu. Na siitoi! Ukikifungua, kesho hukanyagi ofisi hii, na haki ya Mungu nitakufukuza mwenyewe."

Kupe alikuwa na watoto wawili shuleni na mshahara mmoja. Alinyoosha mkono kuelekea kifurushi hata hivyo, na Mama Kadibodi akamtangulia. Alikichukua kwa viganja viwili, akakiinua sikioni, akafumba macho, akatikisa.

"Kinacheza," alisema.

Alitikisa tena, na safari hii hata dereva wa gari, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkokoteni, alisikia kitu kikigonga huku na huku.

"Kinacheza, tena sana," alisema dereva.

Kupe aligeuka ukutani. Juu ya mizani palikuwa na ubao wa kanuni, umewekewa kioo. Alisoma kwa sauti, bila haraka.

"Kanuni ya tisa. 'Kifurushi kitakachosikika kikicheza hakitasafiri. Kitafunguliwa papo hapo mbele ya mashahidi wawili na kufungwa upya.' Na chini hapa pana sahihi." Alimtazama Mkuu. "Ni yako, Mkuu. Umeshaitoa tangu mwaka juzi."

Kanuni zile alizitunga Mkuu mwenyewe, na kila Jumatatu aliwasomesha watu kwa pamoja.

"Shahidi wa kwanza ni dereva," alisema Kupe. "Wa pili ni wewe. Sogea uone vizuri."

Alivuta ulimi. Selotepu ilitoka yote kwa mara moja. Ndani mlikuwa na kadibodi mbili, na Mama Kadibodi alizichukua akazikunja pamoja bila nguvu. Zilipinda kama mkeka. Mifereji yote ilielekea upande mmoja. Katikati, ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la dada wawili, Kachero Nyenje alikuwa anachungulia jaladani na miwani yake ya duara. Pembe ya juu ya kitabu ilikuwa imejikunja.

Mama Kadibodi, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi, alilitoa hapo.

"Umemvunja pembe," alimwambia Gramu. "Miaka yote hiyo hakuwa na kovu. Umekaa naye siku chache tu, tazama!"

"Nilifuata karatasi yako!" Gramu alipaza sauti, na aliposikia alichokisema alikuwa ameshachelewa. "Neno kwa neno. Nilivuta ndimi, nikaacha ndimi. Nilifanya kama ulivyoandika!"

"Ile ni karatasi ya kufungulia, bwana. Ya kufungia sijawahi kuandika."

Gramu akakaa juu ya boksi la mtu. Hakuna aliyemkataza. Kupe alitoa fomu mfukoni, akaandika yaliyosemwa, saa, na majina ya waliosikia. Dereva alisaini. Mkuu alisaini pia, herufi zake zikiwa ndogo kuliko kawaida.

Ilibaki dakika kumi na mbili kufika saa nane. Kitabu kilipaswa kwenda polisi na faili, kama kielelezo. Dereva akanyoosha mkono kukipokea.

"Hivyo hivyo?" aliuliza Mama Kadibodi. "Kwenye gari lako hilo? Labda unipite kwanza."

Alipewa boksi, mkasi na selotepu. Alipapasa kadibodi, akakata moja iliyosimama na moja iliyolala. Alikibana kitabu, akakilaza, akajaza pembe tatu kwa karatasi za bohari. Akakiinua sikioni, akatikisa. Pembe ya nne bado ilikuwa na nafasi, ndogo tu. Alitazama huku na huku, karatasi zilikuwa zimekwisha.

Basi alinyoosha mkono kwenye faili la Mkuu, akachomoa lile ungamo ambalo tangu saa tatu lilikuwa linasubiri jina lake. Akalikunja mara mbili, mara nne, mara nane.

"Mama!" Mkuu alishtuka. "Hiyo ni karatasi ya ofisi!"

"Tangu asubuhi haikuwa na kazi," alisema, akaisokomeza pembeni kwa kidole gumba.

Alifunga boksi, akaacha ulimi, akalipeleka sikioni. Halafu akalipeleka sikioni kwa Mkuu, akalitikisa kwa nguvu, na Mkuu hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Hakikucheza.

"Fomu ya kielelezo inataka sahihi ya aliyefunga," alisema dereva. "Nani anasaini?"

"Mimi." Mama Kadibodi alifungua kiganja mbele ya Mkuu. "Nipe ile kalamu."

Mkuu akaitoa mfukoni, akampa.